Jina Nililolimeza Asubuhi ya Nikaha

Mwanangu, katika siku zote za usichana wangu iko moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo nashusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Ni siku ya nikaha ya dada yangu Halima. Nitakusimulia yote, maana nyinyi vijana mnapenda kudhani sisi wazee tulizaliwa tukiwa na tasbihi mkononi. Tulicheza, mwanangu. Tena tulicheza hasa.

Kabla sijaolewa nikaja hapa Mandewa, kwetu ilikuwa kijijini, upande wa Ikungi. Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa muadhini wa msikiti wetu mdogo, na nyumba ya muadhini inatazamwa na kila mtu. Ukichelewa kisimani, ukicheka kwa sauti, ukifunga ushungi upandeupande, utasikia tu, "Na wewe mtoto wa muadhini." Dada Halima aliyaweza maisha hayo. Alikuwa mpole, hata akiwa jikoni unaweza kudhani jiko halina mtu. Mimi yalinishinda. Nilikuwa na mdomo usiojua kukaa na neno na miguu isiyojua kukaa na muziki. Jirani yetu alikuwa na redio ya kaseti, na enzi hizo kwasakwasa ndiyo iliyokuwa imeshika moto, basi mimi nikitwanga mtama natwanga kwa kuifuata. Mama akawa anasema unga wangu hauishi chenga kwa sababu mtwangaji anacheza.

Sasa, kwetu kulikuwa na jambo moja la harusi ambalo nyinyi wa siku hizi mmelibadilisha mkaliingiza kumbini na maspika. Siku moja kabla ya nikaha, alasiri, wanawake walijifungia ndani na mwali. Madirisha yanafunikwa khanga, mlangoni anakaa mama mtu mzima. Humo ndani anachaguliwa msichana mmoja awe bwana harusi. Anavalishwa kanzu na kofia, anachorwa masharubu kwa mkaa, kisha anaingia kwa maringo, anamposa mwali, anajisifia ng'ombe ambao hana. Anacheza kama wanaume wanavyocheza, anawaiga, anawakejeli kidogo. Kazi yake ni moja, mwali acheke asahau hofu. Yanayofanyika humo ni ya humo. Hata mama wa bwana harusi akiwepo na akaona shemeji yake anaigizwa, atacheka mpaka machozi, lakini akitoka nje hajui kitu.

Aliyesimamia mambo hayo kwetu alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba. Huyo ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji. Mwembamba, mbwia ugoro, mcha Mungu, na ulimi wake ukikugusa unaenda kulala bila kula. Ukoo mzima ulimwogopa, baba akiwemo.

Bwana harusi, Bakari, alikuwa mtu wa Kintinku, kule Manyoni. Baba yake alishafariki. Aliyemlea yeye na mdogo wake Salumu alikuwa baba yao mkubwa, Mzee Shabani, mtu mrefu wa ndevu nyeupe, mkali wa dini na mkali wa kila kitu. Kwa kuwa njia ni ndefu, watu wa bwana harusi walikuja kwa lori siku moja kabla, wakafikia nyumba ya jirani, ua kwa ua na sisi. Tulitoka kuwapokea kwa vigelegele.

Vijana wao walishuka wanaimba, na yule Salumu, rika langu kabisa, akashuka anacheza. Mwanangu, kucheza nimeona maishani. Yule kijana alikuwa na kiuno laini na mabega mepesi, na hata vidole vyake vilikuwa vinacheza. Wenzake wakaanza kumwita "dada Salumu, dada Salumu." Yeye akacheka pamoja nao, kile kicheko cha mtu anayeomba yaishe. Mzee Shabani akamshika kola mbele ya wenyeji wote, akamwambia atembee kama mwanamume, asimtie aibu ugenini. Salumu akaacha, akaanza kushusha magunia. Nilimhurumia kidogo, kisha nikamsahau, maana mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa bwana harusi wa kuigiza na nilikuwa na kazi ya kufanya.

Alasiri tukajifungia. Shangazi mwenyewe alitoa sandukuni kanzu kuukuu ya baba akanivalisha, akanichora masharubu, akarudi nyuma kunitazama, akasema nimefanana na baba alipokuwa anaoa, ila mimi mzuri zaidi. Kaseti ikawekwa. Nikaingia. Nilimposa dada yangu kwa mbwembwe zote nilizowahi kuziona kwa wanaume wa kijiji kile, halafu nikacheza kwasakwasa ya kiume, magoti yamekunjwa, kofia imeinamia jicho. Dada Halima, ambaye tangu asubuhi alikuwa analialia kwa hofu ya kwenda mbali, alicheka mpaka akalala begani kwa mama. Ndiyo, nilijisikia fahari. Hata leo najisikia.

Unaujua upepo wetu wa Singida, huo wa kiangazi unaong'oa bati. Ulikuja mmoja ukaichomoa khanga ya dirisha dogo la nyuma, ukaipeleka huko. Na pale nje, kwenye pipa letu la maji, alikuwa amesimama Salumu na ndoo. Alitumwa maji. Alikuwa anatazama ndani, lakini nakuapia hakuwa anatazama vifua vya watu wala nywele za watu. Alikuwa anatazama miguu yangu, na ya kwake, huko nje, ilikuwa inajaribu ile hatua. Tukatazamana. Akachukua ndoo yake, akaondoka na maji yanamwagika. Wenzangu walikuwa wamegeukia kwa mwali, hakuna aliyemwona. Nikachukua khanga nyingine nikaifunga dirishani, nikaendelea kucheza, sikumwambia mtu.

Asubuhi yake baba alirudi kutoka swala ya alfajiri uso umemshuka. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigogo uani, akamwita mama, wakazungumza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, na mama akarudi ndani anashika ukuta. Mzee Shabani alikuwa amemkalisha baba msikitini. Amesikia kwamba binti wa muadhini amevaa kanzu, amejichora masharubu, anacheza ngoma za redio kama mhuni wa mjini. Amesema hawezi kumwoza mtoto wa ndugu yake marehemu kwenye nyumba ambayo mabinti wanajifanya wanaume. Anataka nisimamishwe mbele ya wanaume wote kabla ya nikaha, nikiri, nitubu kwa sauti. La sivyo watu wake wanapanda lori.

Mwanangu, hebu fikiria. Mbuzi wameshachinjwa. Mwali ameshapakwa hina. Binti akiachwa asubuhi ya nikaha, kijijini kwetu hata mwenye ng'ombe mmoja hatakuja tena kumposa, kwa kuwa kila mtu atauliza kwa nini aliachwa, na kila mtu atajijibu mwenyewe. Dada Halima alikaa kitandani na mikono yake yenye hina ameiweka magotini, hata machozi hakuweza kuyafuta. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alisema tu, "Mariamu, fanya watakavyo, nakuomba."

Na mimi nilikuwa nawaka. Niliogopa pia, sitakuficha. Madrasa tulifundishwa, na ni kweli, kwamba mwanamke asijifananishe na mwanamume wala mwanamume asijifananishe na mwanamke. Nikajiuliza kama kweli nimemkosea Mungu kwa kumchekesha dada yangu ndani ya chumba cha wanawake. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na hasira, kwa sababu nilijua habari imetokea wapi. Humo ndani hakuna mwanamke aliyesema. Aliyeona ni mmoja. Nikapanga maneno yangu vizuri, nikayanoa. Wakinisimamisha nitasema, "Mzee Shabani, kabla ya kuniuliza mimi, muulize kijana wako Salumu alikuwa anafanya nini dirishani kwa wanawake. Na muulize kwa nini kiuno chake kilikuwa kinajifunza." Nikaona patamu hapo. Nikaona wanaume wote watakavyogeuka kumtazama, na mimi nitakavyorudi ndani nimeshinda.

Nikamwambia Shangazi Mwanaidi. Nilidhani atanisifu.

Akanivuta mpaka nyuma ya jiko, kwenye majivu, akanibana kiwiko, akanikazia macho. Alinisemesha Kinyaturu, maana yeye akiwa na hasira Kiswahili kilikuwa kinamkimbia. Nitakutafsiria.

"Ukimtaja utashinda?"

Nikasema nitashinda.

"Halafu yule mtoto atapanda lori na nani?"

Akaniuliza kama sikuona jana alivyoshikwa kola. Akaniuliza kama kuna mwenzake hata mmoja aliyemtetea. Akasema mtu huyo tayari anachekwa kwa mwendo aliopewa na Mungu, na mimi nataka kumwongezea jina la mchunguliaji, jina ambalo halitamtoka mpaka kaburini, ili tu mimi nitoke mbele za watu kidole kimegeukia kwingine. Akasema, "Jana nilifunga madirisha kwa khanga zangu mwenyewe ili wewe usitirike. Leo wewe unataka kumvua mwenzako uani. Mwenye kumsitiri mwenzake Mungu humsitiri. Hukuyasikia hayo madrasa, au ulikuwa unacheza?"

Nikamwambia, lakini Shangazi, mimi je? Dada je?

"Utasema kweli yako. Kweli yako inakutosha. Ya mwenzako mwachie mwenyewe."

Nilichukia, mwanangu. Usidhani nilipokea kama malaika. Nilimwona Shangazi ananitoa kafara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunajua, lakini siku unayoambiwa unaona afadhali hilo guu livunjike. Nikafunga ushungi wangu vizuri, nikatoka.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka uani. Baba upande mmoja, ametazama chini. Mzee Shabani na watu wake upande wa pili, na Bakari katikati amevaa kanzu yake ya harusi, anasokota ncha ya mkono wa kanzu. Salumu alikuwa mwisho kabisa wa mkeka, amekaa kama mtu anayesubiri kuchapwa. Katikati alikuwa Maalim Idi, mzee aliyetusomesha sote juzuu, aliyekuja kufungisha ndoa akakuta kesi. Wanawake walijaa mlangoni nyuma yangu na nilisikia harufu ya ugoro wa Shangazi begani kwangu.

Mzee Shabani akaniuliza kama ni kweli nilivaa nguo za kiume nikacheza. Nikasema ni kweli, nilivaa kanzu ya baba nikacheza mbele ya wanawake wenzangu ili mwali acheke. Akauliza nani aliyeniruhusu. Kabla sijajibu, Shangazi akasema kwa utulivu kuwa ni yeye, na kwamba mama yake Mzee Shabani, Mungu amrehemu, huenda naye aliwahi kuchorwa masharubu siku ya harusi ya mtu. Kuna mzee alikohoa kuficha kicheko.

Ndipo Maalim Idi akamgeukia Mzee Shabani. Akamuuliza habari hii aliipataje. Mzee akasema aliambiwa na vijana. Na vijana waliipataje? Vijana wakainamia mkeka. Maalim akasoma ile aya inayokataza kupelelezana na kusengenyana, akaifasiri polepole, kisha akaniuliza mimi. "Mariamu, wewe ulimwona aliyeona?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliusikia uzito wake kabisa. Salumu alikuwa ameinamisha kichwa, shingo yake nyembamba, na mikono ameibana katikati ya magoti. Uongo sikutaka kusema, tena mbele ya Maalim. Nikasema, "Maalim, khanga iling'olewa na upepo. Aliyepita hapo hakuifungua yeye."

Maalim akanitazama kwa muda. Alielewa, nadhani. Akatikisa kichwa chake taratibu kama mtu aliyeridhika, na alikuwa anafungua mdomo kusema jambo, Salumu akasimama.

Alisimama, mwanangu, akasema, "Ni mimi. Nilitumwa maji. Upepo ulifungua kweli, lakini mimi nilisimama. Ningepita tu, nikasimama kutazama wanavyocheza." Akawatazama vijana wenzake. "Halafu nikawaonyesha wenzangu ile hatua, wakauliza nimeitoa wapi, nikawaambia. Sikutaka binti huyu afikishwe mbele za watu."

Mzee Shabani alipandwa na damu mpaka masikioni. Akaanza kusema alijua tu, kwamba huyu kijana na kiuno chake watamzika kwa aibu, kwamba si mwanamume si nini. Maalim akainua mkono.

Aliyosema Maalim siku ile nimeyabeba mpaka leo. Kwanza alinigeukia mimi. Akasema mchezo wa kuigiza kwa saa moja ndani ya wanawake ili kumtuliza bibi harusi yeye hauiti kujifananisha, lakini kanzu ni vazi la swala, na yeye hapendi liwe vazi la kejeli, basi siku nyingine tutafute shati na suruali kuukuu. Nikasema nimesikia. Kisha akamgeukia Salumu, akamwambia jicho linalopita kwa bahati halina lawama, lakini linalosimama lina lawama, basi amwombe radhi muadhini kwa kutazama ndani ya nyumba yake. Salumu akaenda akapiga magoti mbele ya baba, na baba akamwinua kabla magoti hayajagusa mkeka. Halafu Maalim akamgeukia Mzee Shabani, na hapo sauti yake ikashuka.

"Mzee mwenzangu, mtoto huyu anaswali?"

Mzee Shabani akasema anaswali.

"Anakutii?"

Akamtazama Salumu, akasema anamtii kuliko wote.

"Amesimama mbele ya watu wazima kusema kosa lake wakati binti wa watu ameshamfichia. Mimi huyo namwita mwanamume. Sauti yake na mwendo wake alipewa na aliyemuumba, na sisi hatuna ruhusa ya kuvihesabu kuwa dhambi. Ukimwona anatenda haramu, nijie tuzungumze."

Kuku walikuwa wanachakura kando ya mkeka. Mzee Shabani alizishika ndevu zake, akashusha mabega. Akasema, "Maalim, tuna nikaha ya kufunga ama hatuna?"

Mwanangu, sijui kama umewahi kuuona mzigo unatoka juu ya nyumba nzima kwa mara moja. Mama alikaa chini pale pale mlangoni kama aliyekatwa miguu, akacheka. Mtu wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Shangazi Mwanaidi, mdomo umejaa ugoro, kikatoka nusu. Mimi nilikimbilia jikoni kwenye karai la vitunguu, nikalia nikasingizia vitunguu, na wenzangu wakanikubalia. Nililia kwa raha. Nilijiona mwepesi, nikaona hata moshi unanukia vizuri. Dada Halima aliozwa mchana ule, na sauti yake ambayo hata jikoni huisikii, alipoulizwa kama ameridhia, tuliisikia mpaka uani.

Jioni, wakati watu wanakula, vijana wa Kintinku walikuwa wanapiga ngoma upande wao wa ua. Nilimwona Salumu amekaa hachezi. Kisha nikamwona Mzee Shabani anapita na sahani yake ya pilau, akasimama mbele yake, akamwambia jambo. Sikusikia. Ila Salumu alisimama akacheza kidogo, kwa haya, na mzee akasogea pembeni akala chakula chake bila kumkemea.

Miaka imepita mingi. Dada Halima alizaa, akajukuu, yuko Kintinku mpaka leo na ng'ombe wake. Mzee Shabani alipopooza upande mmoja, watoto wake wa kuwazaa walikuwa mijini, kila mmoja na udhuru wake. Aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, aliyemlisha uji kwa kijiko, aliyempeleka mgongoni kuswali Ijumaa, alikuwa Salumu. Kwa mikono ile ile iliyochekwa. Salumu alioa, ana watoto, na mwendo wake ni ule ule, na hakuna anayemwuliza.

Tulipokwenda kumzika Mzee Shabani, Salumu alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha vyombo na wanawake. Akanisalimia, akaniita shemeji, akachuchumaa kando kwa adabu. Akasema kuna jambo hajawahi kuniambia. Asubuhi ile ya nikaha, alisema, alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa, amelificha lile furushi nyuma ya pipa la maji. Alijua nimemwona dirishani. Aliamua kwamba nikimtaja tu, atatoka kwenye mkeka, achukue furushi, afuate reli aende mahali ambapo hakuna anayemjua, na asirudi tena. "Ulipokataa kunitaja," akasema, "nikaona kumbe naweza kukaa."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilikuwa namwona yule mzee marehemu kitandani kwake, kama Salumu angeondoka siku ile, bila mtu wa kumgeuza, na hakuna aliyejua kwa nini. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilitaka kulichuma nikiwa na umri wa kutojua litaliwa na nani. Nikasema alhamdulillahi, nikasema tena, nikawa siwezi kuacha.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na nitaisema wazi maana nyinyi mkiachiwa fumbo mnaliacha mlangoni.

Kucheza sikukatazi. Mwili aliokupa Mungu una furaha yake. Lakini kila mchezo una chumba chake na una watu wake, na mwenye imani anauliza kwanza, hiki chumba cha nani, na mimi nimevaa nini, na nani ananitazama. Ukiwa msichana kwenye shughuli ya wanawake, acha simu kwenye kapu mlangoni, siyo kwa sababu wewe ni mwizi, ni kwa sababu siku hizi upepo unakaa mfukoni mwa kila mtu. Ukiwa kijana wa kiume na umeona usichotakiwa kuona, pita. Ukishasimama, kubali kwamba umesimama.

Na wale mnaomcheka mwenzenu kwa sauti yake, kwa kiuno chake, kwa vidole vyake, tena mnamrekodi na kuitupa video kwenye magrupu mkisema mnailinda dini, nawaambia dini haikuwatuma huko. Kama kuna kosa, iko njia yake, ya faragha, ya upole, kwa mtu mzima mwenye elimu. Aya ya kupelelezana mnairuka mnapokuwa na haraka ya kumsoma mtu mwingine.

Lakini neno langu kubwa ni kwako wewe uliyeonewa. Najua. Umetangazwa, umesemwa, na mkononi mwako unayo aibu ya mwenzako ambayo ukiitoa watu watakuacha wakamgeukie yeye. Utamu wake naujua, nimeuonja kwenye ulimi. Sema kweli yako, usidanganye, usijidhalilishe, lakini hilo la mwenzako lifute, limeze, hata kama unamchukia. Hujui nani yuko nyuma ya pipa na furushi lake anasubiri kusikia kama dunia hii ina nafasi yake. Na hujui ni mgonjwa gani, wa miaka ijayo, atakayelala bila maji ya kunywa kwa sababu wewe ulishinda kesi asubuhi moja.

Haya, inuka, adhana imekaribia. Mola akuweke, mwanangu. Akupe miguu myepesi ya kwenda kwenye harusi za watu, na ulimi mzito wa kutaja aibu zao. Akukutanishe na Shangazi Mwanaidi wako kabla hujafungua mdomo. Na siku utakayokuwa wewe ndiye uliyekaa mwisho wa mkeka, umeinamisha shingo, akujaalie mtu anayelijua jina lako na asilitaje.